Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wakunga wanachama,

Ya kawaida mnayajua: tumetembelea wodi ya wazazi, tumefuma kofia za watoto njiti, tumezika wenzetu wawili. Tuko 61, ada ya 20,000 wamelipa 26. Vikao vinne, viwili bila akidi. Kile cha Uyole tulikuwa tisa, na sufuria ya wali wa watu 50 ikarudi karibu nzima. Safari hii mhazini atasoma orodha kwa majina.

Sasa zile 340,000 za chama zilizotumika kwa semina ya wachungaji, mashehe na wazee kuhusu uchunguzi wa miili ya vichanga waliofariki, ili kujua kilichowaua. Kwenye grupu nimeitwa muuza maiti. Ndiyo, tuliamua mimi na katibu. Akidi ilikosekana mara mbili. Aliyebaki nyumbani asidai hakushirikishwa.

Nimezalisha miaka 31. "Alishindwa kupumua" nimeiandika daftarini kwa mkono huu mara nyingi mno. Hiyo si sababu, ni namna mtoto alivyokata roho. Mapafu machanga, nimonia, maambukizi ya damu, kasoro ya moyo, yote huishia kwenye pumzi. Mama mmoja alimzika wa tatu. Maziwa yakiwa bado yanalowesha kanga yake, aliniuliza: "Mkunga, wa nne nifanyeje?" Sikuwa na jibu.

Na hakuna anayekatakata mtoto. Kisumu na Siaya kule Kenya, na Manhiça, Msumbiji, wanatumia sindano: damu kidogo, vipande vidogo vya mapafu, ini na ubongo. Mzazi asiporidhia, haifanyiki. Huko wamekuta bakteria kama Klebsiella hata kwa watoto ambao wengi wetu tungesema ni unjiti tu, basi. Bakteria huyo mara nyingi hupatikana wodini: mikononi, kwenye mirija, kwenye sinki. Nadhani hapo ndipo panapotuuma sisi wakunga, ndiyo maana tunaukataa uchunguzi kwa kusingizia mila.

Takwimu za taifa za 2022 zinasema vichanga 24 hufa katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Lengo la 2030 ni 12. Tutapunguzaje tusichokijua?

Semina walikuja wazee 22 kutoka Mbalizi hadi Tukuyu, wakauliza maswali mazuri kuliko yetu. Wanachama waliofika: watano.

Mwakani, Mungu akipenda, tutawaona wataalamu wa maabara, na pengine tupate mfadhili. Ada ipokelewe kabla ya 31 Machi.

Mwenyekiti
Mbeya