Taarifa ya Mwenyekiti 2025: Kazi, Pesa, na Hii Maneno ya 25.07

Wanachama wenzangu, salamu kwenu nyote, wa Kisumu, Kakamega, Nakuru, na wale wetu wawili walioko Nairobi ambao tunawajua tu kwa "asubuhi njema" kwa grupu. Naomba msome yote kabla ya kujibu, sio kama mwaka jana watu walifika mstari wa tatu vita ikaanza.

Kazi za kawaida mnazijua, sitakaa hapo. Tumetoa matoleo mawili ya romu yetu, yaani ule mfumo wa Android tuliojirekebishia wa kuweka kwa simu, simu nne zimeongezwa kwa orodha, Tecno moja tumeiacha njiani juu chipu yake ni MediaTek na kerneli, kile kiini cha mfumo, hatukuipata kwa njia ya kueleweka. Mafundi wa pale Kibuye tumewafundisha mara tatu kufungua butiloda, ile programu ya kuwasha simu, bila kuua simu ya mtu. Tafsiri ya Kiswahili imesonga, ya Dholuo inangoja wale waliosema "hiyo niachieni mimi". Seva tumekodisha, kwa sababu Google wenyewe wanasema kubildi Android, yaani kuitengeneza kutoka kwa kodi, unataka nafasi ya diski kama GB 400 na RAM GB 64, na hapa kwetu hakuna mwenye laptopu ya hivyo, na hata angekuwa nayo stima ingepotea saa ya mwisho mwisho. Kabla ya seva kupatikana nilikuwa nabildi tu matoleo ya zamani kwa mashini yangu mwenyewe, usiku, feni ikilia kama posho mill. Sijawahi kudai hata shilingi, lakini nimeona niseme.

Pesa: wanachama kwa rejista ni 41, mchango ni 200 kwa mwezi, kwa hivyo tulifaa kuwa na 98,400. Zimeingia 50,100. Waliomaliza mwaka ni 17 peke yake. Seva imekula 31,500, ukumbi na chai 6,800, stika 4,200, kwa akaunti kuna 7,600 na dada mweka hazina ako na risiti zote, muulizeni yeye sio kuuliza majirani. Deni ni 48,300. Kuna mtu hajalipa tangu Februari na ndiye wa kwanza kuandika "hii chama inaendeshwa aje" saa tano usiku, mimi simtaji, anajijua.

Sasa tuje kwa ile maneno ya 25.07, namba mpya za matoleo yetu.

Nimesikia mpaka nimechoka, ati mwenyekiti aliamka siku moja akabadilisha namba za matoleo peke yake. Wacha nieleze kutoka mwanzo, kwa sababu wengi wenu hamkuwa, na hamkuwa kwa sababu hamkukuja.

Mnakumbuka tulikuwa 1.8, 1.9, halafu Novemba 2024 tukatoa 1.10. Sisi tuliokaa na hizi vitu tunajua hiyo ni moja nukta kumi, iko mbele ya moja nukta tisa. Lakini enda umwambie mtu wa kawaida, yeye alifundishwa desimali darasa la tano, 1.10 ni 1.1 na 1.1 ni ndogo kuliko 1.9, na kusema ukweli hana makosa. Hata apdeta yetu, ile programu ya kutafuta toleo jipya, ilikuwa inasoma hivyo hivyo, walio na 1.9 ikawa inawaambia wako sawa hakuna kipya. Wiki tatu tunashangaa mbona watu hawapakui.

Halafu kuna huyu mama anauza samaki Dunga. Simu yake ilikuwa na 1.10, akaipeleka kwa fundi juu ya chaji, fundi kwa roho safi akaona 1.9 kwa memori kadi yake akasema mama wacha nikuwekee mpya kabisa. Rikavari, ile sehemu ya simu ya kuwekea mfumo, ikamuuliza fundi kama kweli anataka kuweka kitu cha nyuma, akabonyeza ndio kwa sababu sisi sote hubonyeza ndio. Simu ikakwama kwa logo. Nilipigiwa mimi, nikatoka Milimani na boda kwa mvua, nikapata yule mama amekaa kwa ndoo iliyopinduliwa, simu ameshika kwa mikono miwili, hapigi kelele hata. Ndani ya hiyo simu alikuwa amepiga picha kurasa za daftari la wadeni, na daftari lenyewe lilishalowa likatupwa. Hatukuokoa kitu, ilibidi tufute yote. Akaniuliza, "Kwani nyinyi watu wa kompyuta, mnahesabu aje?" Sikuwa na jibu. Kwa hivyo mtu akiniambia namba ya toleo ni mapambo, namwangalia tu.

Ndio nikaita mkutano Januari, wakakuja watu sita. Nikaita Februari, wakakuja saba na mmoja alikuwa amekuja kuchukua chaja yake. Machi tukawa tisa, wawili wametoka Nakuru na matatu asubuhi, hao nawapa heshima yao hata kama walipiga kura kinyume na mimi. Koramu yetu ni 14. Najua. Lakini katiba haisemi ufanye nini koramu ikikosa mara tatu mfululizo, na toleo lilikuwa linangoja, na kura ya grupu niliiacha wazi wiki mbili nzima, waliopiga ni 12, saba kati yao wakasema twende na tarehe, yaani toleo liitwe kwa mwaka na mwezi. Kwa mkutano ikawa tano kwa tatu, mmoja akanyamaza. Eti ile ya tano ni yangu na mwenyekiti hapigi kura mpaka zilingane. Nionyesheni ni kifungu gani. Na hata ukitoa yangu bado ni nne kwa tatu, hesabu hiyo haina desimali.

Hoja ya Nakuru ilikuwa tufuate namba ya Lineage, ile romu ya bure, kwa sababu tunajenga juu yake. Ni hoja ya maana, sijaidharau. Lakini angalieni: Android 15 ni Lineage 22, Android 14 ni 21, kila saa unaongeza saba, na hiyo saba imetoka kwa CyanogenMod, romu iliyoitangulia, waliofika 14.1 kabla huduma zao kufungwa mwisho wa 2016 na Lineage ikaendelea kutoka hapo hapo. Nukta walitoa kwa 19, wakairudisha kwa 22. Wao wako na sababu zao, lakini sisi tunarithi mafumbo ya nyumba ya wengine ya nini? Ubuntu Touch, mfumo mwingine wa simu, nao walihesabu matoleo kwa OTA wakafika OTA-25, kisha walipohamia msingi wa Ubuntu 20.04 mwaka 2023 wakaanza tena OTA-1. Jaribu kumweleza fundi wa Kondele kwamba moja imekuja baada ya ishirini na tano.

Tarehe kila mtu anaijua. 25.07 ni Julai 2025, basi. Faili za Lineage zenyewe ziko na tarehe kwa jina, na simu yako ukiingia kwa setingi inakuonyesha tarehe ya viraka vya usalama, kwa hivyo sijaleta kitu kigeni. Ubaya wake ni kwamba tarehe haikuambii uko Android gani, hapo Nakuru walinishika, ndio tukaandika zote mbili pale kwa ukurasa wa Kuhusu Simu. Na kuna kijana wetu wa Kakamega aliona shida ambayo mimi sikuwa nimeiona, kwamba mtu akisahau sifuri akaandika 25.7, apdeta ikisoma 25.10 kama desimali itaiona ndogo, na tunarudi kulekule kwa mama wa Dunga. Sasa ndani namba haina nukta, ni 2507, ni 2510, kubwa ni kubwa. Hiyo ni kazi yake, ingawa ni mimi nilimwambia aangalie.

Pendekezo la majina ya samaki lilikuwa tamu, Omena, Ngege, Mbuta, Kamongo, lakini mtu mgeni atajuaje kama Mbuta iko mbele ya Ngege? Na wenzetu wa Nakuru wakauliza mbona samaki wote ni wa ziwa lenu, sisi tuweke flamingo? Yakaishia hapo.

Ni kweli toleo la kwanza lilifaa kuwa 25.04. Likachelewa hadi Julai kwa sababu waliojitolea kulijaribu walikuwa 15 na waliolijaribu ni watatu. Wale wanaocheka wajue Ubuntu wenyewe, wa mfumo wa kompyuta wenye namba za tarehe kama zetu, walipanga 6.04 wakatoa 6.06 mwaka 2006 na hakuna aliyekufa. Lililofuata, 25.10, lilitoka Oktoba kama lilivyoandikwa, na kwa hilo sijasikia mtu akiandika kwa grupu.

Mwaka ujao Mungu akipenda tutajaribu toleo la Aprili lije Aprili, tuangalie kama kuna mfadhili wa seva, na pengine tupate pahali pa kudumu pa kukutana, kuna mtu amesema atatuongelea. Katiba pia tutaiangalia hicho kipengele cha koramu, mkikuja.

Kuhusu stika: zilichapishwa 200, zimeandikwa 25.04, na ndiyo, ni mimi nililipa printa kabla toleo halijatoka kwa sababu nilikuwa nawaamini. Zimebaki kama 180, ziko kwangu kwa boksi chini ya kitanda. Gundi ni nzuri, nimeweka moja kwa pikipiki ya jirani tangu Mei na mvua zote hizi haijabanduka. Mwenye kutaka apitie, hata kama hajalipa.