Barua ya malalamiko: hita mliyoifunga kwenye boti ninayoishi

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

YAH: KUKATALIWA WARANTI YA HITA YA DIZELI YA KILOWATI 5

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeipokea barua yenu inayosema kwamba hita haina kasoro, kwamba betri zangu ni dhaifu, na kwamba kuiwasha kwa moto mdogo muda mrefu ni matumizi mabaya yasiyolindwa na waranti. Siikubali. Sababu naziweka kwa maandishi, maana kwenye simu kila nikianza kuzieleza naambiwa nisubiri, nahamishiwa kwa mwingine, naanza upya. Danadana hizo zimenichosha.

Mjue kwanza kwamba hii si boti ya matembezi ya wikiendi. Ndiyo nyumba yangu, kiangazi na majira ya baridi, na bodi yake ni ya chuma. Usiku ambao hita imegoma, kuta zinatoka jasho, maji yanachuruzika nyuma ya godoro, na asubuhi nguo za kabatini zina unyevu kama zimeanuliwa kabla ya kukauka. Kwa hiyo mnapoandika kwamba fundi "atapangiwa ratiba", nawaomba mfikirie nalala wapi wakati ratiba inapangwa.

Nianze na betri, maana ndiko mlikojificha. Hita ya aina hii inapowashwa, plagi ya kuwashia hula umeme mwingi kwa dakika chache, ampea 10 hivi, kisha moto ukishashika matumizi yanashuka sana. Volti zikipungua chini ya 10.5 hita hujizima na kuonyesha kosa kwenye kioo chake. Yangu imekuwa ikifanya hivyo alfajiri, saa ambayo baridi ni kali zaidi. Nilipoona hivyo nikachukua mita. Plagi ikiwa inawaka, kwenye vichwa vya betri nilisoma volti 12.2. Kwenye soketi ya hita, wakati huohuo, nilisoma 10.4.

Yaani umeme upo, ila haufiki. Volti 1.8 zinapotelea njiani, na njia yenyewe ni nyaya alizozipitisha fundi wenu: za milimita 1.5 za mraba, mita 8 kwenda na mita 8 kurudi. Kitabu cha ufungaji mlichonipa nyinyi wenyewe kinataka nyaya za milimita 6 za mraba kwa umbali huo. Nyaya hizo zingepoteza chini ya nusu volti, na hita ingewaka bila tatizo. Kwa nyaya alizoweka fundi wenu, hata betri iliyotoka dukani leo ingeitwa dhaifu. Ni kweli betri za asidi hupungua nguvu kwenye baridi, hilo halina ubishi, lakini mita haikusoma baridi. Ilisoma waya.

Sasa huo moto mdogo. Kabla ya kununua niliwaandikia ukubwa wa chumba, unene wa sponji ya kuzuia baridi iliyopuliziwa kwenye kuta na idadi ya madirisha, nikauliza kama hita ya kilowati 2 ingetosha. Jibu lenu ninalo. Mliniambia nichukue ya kilowati 5 "ili nisijute". Chumba changu kinapata joto upesi, hita inajishusha, na inabaki hapo chini usiku kucha. Ikiungua hivyo, chemba ya moto haipati joto la kuteketeza dizeli yote, na masizi yanajijenga ndani mpaka inakohoa moshi na kushindwa kuwaka. Mafundi wote wa hita wanalijua hili, na wenu bila shaka wanalijua. Ili kuisafisha naiwasha mara kwa mara kwa moto wa juu kabisa, na kwa kuwa humo ndani hapakaliki, nafungua madirisha katikati ya majira ya baridi. Dizeli naijaza mimi, joto linakwenda nje. Halafu mnaniandikia kuhusu matumizi mabaya!

Hayo mawili ningeweza kuyavumilia nikiwa nanung'unika. Linalofuata siwezi.

Usiku mmoja kengele ya kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotokana na moto usioungua vizuri, ililia. Nilifungua milango na madirisha yote, nikazima hita kwenye swichi yake, nikatoka nje. Kulipokucha nilitoa mablanketi yote kwenye kabati ambamo fundi wenu alipitisha bomba la moshi, nikamulika tochi. Alichokiweka mle ni kizuia sauti cha gari, chenye kitundu chini cha kutolea maji. Kwenye lori hakina shida, kwa sababu kinaning'inia nje barabarani. Kwangu kiko ndani ya kabati, mita moja kutoka kichwani pangu ninapolala, na kitundu kile kimezungukwa na duara jeusi la masizi. Kiungo cha bomba baada ya hapo hakina mkanda wa chuma wa kubania; kimesukumwa tu kikaingia, ukikigusa kinacheza. Bomba lenyewe halikuvikwa kitambaa cha kuzuia joto, na mbao iliyo jirani nalo imebadilika rangi, imekuwa kahawia.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Aliyelala haamki akajua. Kengele niliinunua mwenyewe, ya kiwango cha EN 50291-2 ambacho ndicho kilichowekwa kwa ajili ya boti na magari ya kulala. Kwenye orodha ya vifaa vyenu vya ufungaji kengele haimo kabisa. Katika barua yenu suala hili lote, nililowaeleza kwa picha, limepewa sentensi moja: "mteja ahakikishe uingizaji hewa wa kutosha." Mmeruka kimanga kana kwamba bomba lilijifunga lenyewe.

Na nilipowapigia siku iliyofuata kuuliza nipate joto kwa kitu gani wakati nawasubiri, mhudumu wenu alinishauri niwashe jiko la gesi na kuliacha liwake. Kwenye chumba cha chuma kilichofungwa, wakati wa kulala! Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, na kwa kuwa jiko halina bomba la nje, mvuke wote unaishia kwenye kuta na godoro. Huo ni unyevu tu. Oksijeni inapopungua, moto wa gesi nao huanza kutoa hewa ileile iliyoamsha kengele. Sitaki mhudumu huyo aadhibiwe, labda hakufundishwa. Nataka kampuni iandike waziwazi kwamba ushauri huo haurudiwi kwa mteja mwingine mwenye boti.

Ninachodai ni hiki. Bomba la moshi na kizuia sauti vibadilishwe mara moja, viwekwe vya boti visivyopitisha hewa, viungo vibanwe na bomba livikwe, kazi hiyo ifanywe na fundi mwingine na ikaguliwe mbele yangu. Nyaya zitandikwe upya kwa kipimo cha kitabu chenu. Hita ya kilowati 5 mwichukue, mniletee ya kilowati 2 na kunirudishia tofauti ya bei. Kama hamtaki kubadilisha, basi fungueni chochote mlichofunga, mzibe matundu mliyoyatoboa kwenye bodi, na mnirudishie fedha zote pamoja na za ufungaji.

Hita haitawashwa tena mpaka bomba litengenezwe, kwa hiyo msiniandikie kwamba niiendeshe kwanza ili "muiangalie". Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, lenye jina la atakayeshughulikia jambo hili mpaka mwisho. Siku hizo zikipita kimya, barua hii na picha nilizoambatanisha, pamoja na vipimo vya mita na barua pepe yenu ya "ili nisijute", vitakwenda kwa mamlaka inayowalinda watumiaji na kwa kampuni ya bima ya boti, ambayo tayari imeniuliza ni nani aliyefunga bomba lile.

Wenu mteja,
Mwenye boti

Nakala: Mkuu wa kitengo cha ufungaji