Shukrani kwa fundi aliyeokoa mauntingi zangu

Kaka uliyenikuta nimeinama chini ya boneti nikibadilisha injini, sikukuuliza jina, ila shukrani zangu zikufikie popote ulipo. Mimi nilikuwa nafurahia tu kwamba injini imekaa. Wewe ukaona bomba la ekzosi limepita vidole viwili tu kutoka kwenye mauntingi, ile mipira inayoshikilia injini kwenye chasisi. “Huo mpira utaungua, ukakamae, upasuke,” ulisema. Nilitaka kuufunga kitambaa, aibu yangu! Ukanikatia bati la alumini la kukinga joto, ukalifunga kwenye chasisi bila kugusa bomba wala mpira ili hewa ipite pande zote mbili, ukaacha na nafasi maana injini hucheza ukikanyaga mafuta. Juzi nimekagua: mpira bado laini. Na malipo ulikataa! Asante sana, kaka.