Asante, bibi uliyeokoa siagi yetu

Watoto 8, chupa 3 za malai, dakika 20 za kusukasuka, na siagi haionekani. Mmoja alishaanza kulia, mimi nilikaribia.

Bibi aliyekuja kumchukua mjukuu wake akazishika chupa. "Zina joto, tena umezijaza mno." Akazipunguza hadi nusu, akazitia kwenye maji baridi, kisha watoto wakasuka kwa zamu. Malai yakawa mazito, yakaacha kucheza chupani (hapo peke yangu ningekata tamaa), ghafla bonge likaanza kugonga. Akawaonyesha kumwaga maziwa mepesi na kuosha siagi kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Chumvi kidogo, basi.

Bibi, uliondoka kabla sijakuuliza jina. Yule mliaji alimaliza vipande 3 vya mkate.