Wachora vibonzo, pangeni kurasa kabla ya kushika wino

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaochora stori fupi za vibonzo, hasa hizi za kurasa nne au nane, maana vipaji vipo tena vingi, mikono inachora mpaka unashangaa, ila stori nyingi zinafia kwenye mpangilio. Unakuta ukurasa wa kwanza mtu anaamka, ananawa uso, anavaa viatu, anatoka, vyote vimechorwa kwa nafasi, halafu ukurasa wa mwisho una maboksi ya picha kumi na mbili yamebanana, ugomvi, msamaha na kifo humo humo, maneno yamejaa hadi vichwa vya watu havionekani. Karatasi imeisha stori bado mbichi.

Jamani, dawa yake wala haina gharama. Chukua karatasi moja, chora vimraba vidogo saizi ya stempu, kila kimraba ni ukurasa mmoja, uvione vyote kwa pamoja. Humo hakuna kuchora sura, weka vijiti tu na kichwa, na duara pale maneno yatakapokaa, na anayeanza kuongea umuweke kushoto la sivyo mikia ya viputo, yale maduara ya maneno, itapishana. Anza na tukio kubwa, lipe ukurasa wake kwanza, halafu ndio urudi nyuma ugawe yaliyobaki. Hapo kufuta ni dakika moja, tofauti na kugundua tatizo ukiwa umeshapaka wino kurasa tano, roho inauma na wengi wanaacha hivyo hivyo.

Halafu kuna suala la kufunua ukurasa. Kwenye kijitabu kinachosomwa kushoto kwenda kulia, ukurasa wa 2 uko kushoto na wa 3 uko kulia, kwa hiyo msomaji anaziona zote mbili saa hiyo hiyo. Sasa kama mlango unagongwa usiku ukurasa wa 2 na aliyegonga umemchora mkubwa ukurasa wa 3, jicho limeshamuona kabla hata ya kusoma, taharuki kwisha. Mpeleke ukurasa wa 4. Boksi la mwisho la ukurasa wa 3 weka mkono tu umeshika komeo, basi, msomaji atafunua mwenyewe. Katuni za Kijapani pande zinageuka ila hesabu ni ile ile, na wanaochorea simu, zile za kuteremsha kwa kidole, kinachobana pumzi ni nafasi tupu kati ya boksi na boksi, ukitaka msomaji asubiri, irefushe.

Na msiogope boksi lisilo na neno. Mama amesoma barua, boksi linalofuata ameishusha mapajani, vidole vimelegea, karatasi inataka kuanguka, kimya. Msomaji atakaa hapo na yule mama. Ukimuandikia "nimeumia sana" umeshamfukuza.

Wengine wanadhani mwendo mzuri ni maboksi yaliyopinda na kuvunjika kila ukurasa, mimi sikubaliani kabisa. Mchoraji Mwingereza Dave Gibbons alichora Watchmen, stori ndefu ya vibonzo iliyotoka 1986 hadi 1987, sehemu kubwa kwa mpangilio wa maboksi tisa, safu tatu kwa tatu, na kwa sababu jicho limeshazoea ule mpigo, siku akiunganisha maboksi kuwa moja kubwa unashtuka kweli.

Na wewe mhariri nikuombe jambo moja. Stori ya kurasa nne ikipunguzwa yote ikaingizwa kwenye ukurasa mmoja wa gazeti, mwisho wake unaonekana kabla ya mwanzo na kazi yote ya mchoraji inapotea. Kama nafasi ni hiyo moja tu, mpeni mchoraji vipimo mapema, mwambieni na maboksi mangapi yanasomeka bila kubana macho, apange stori yake ya ukurasa mmoja toka mwanzo.

Mpenzi wa vibonzo