Ripoti za shule za kimataifa ziandikwe mzazi azielewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowasumbua wazazi wengi hapa Iringa na mikoa jirani, ingawa wachache hulisema hadharani. Ni ripoti za watoto wanaosoma sekondari katika shule za kimataifa. Wazazi hawa wanalipa ada nzito, wanasafirisha watoto kutoka Mafinga, Makambako, Njombe na hata Tunduma, halafu mwisho wa muhula wanakabidhiwa karatasi isiyowaambia kitu. Si kwamba hawajui Kiingereza, wengi wanakijua vizuri tu. Wasichokijua ni jinsi alama zenyewe zinavyopatikana, na hakuna anayewaeleza.

Nimefundisha Historia katika sekondari za serikali mpaka nikastaafu, na kwa sababu hiyo majirani huniletea ripoti za watoto wao niwasomee. Nyingi ni za Diploma ya IB (International Baccalaureate), mfumo wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, na chache ni za Cambridge, mitihani ya kutoka Uingereza. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alifika kwangu na ripoti ya binti yake akiwa amefura kwa hasira. Historia 6, Biolojia 5, Hisabati 4. Alikuwa ameshapiga hesabu kwenye simu: nne kwa saba, asilimia 57. Kwa viwango tulivyovizoea hiyo ni C, tena C ya katikati, na yeye alikuwa ametoka kuuza gari la mbao ili alipe muhula. Adhabu ilikuwa imeshatoka: binti aache shughuli zote za nje ya darasa mpaka Hisabati ipande.

Hesabu ile haina msingi. Baraza letu la Mitihani, kwa kidato cha nne, linatoa A kuanzia maksi 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na chini ya hapo ni F. Mipaka hiyo inajulikana kabla mtoto hajaingia chumba cha mtihani, na ni ileile kwa Fizikia na kwa Uraia. Namba 1 hadi 7 za IB si maksi za kugawanya. Ni madaraja, na mipaka yake hupangwa baada ya kazi kusahihishwa, somo kwa somo na msimu kwa msimu, kwa kuangalia ugumu wa karatasi ya mwaka huo na ubora wa majibu. Cambridge nao hupanga mipaka yao kila msimu, ingawa wao wanatumia herufi. Ili mtoto apate diploma ya IB anahitaji angalau pointi 24 kati ya 45, pamoja na masharti mengine kadhaa. Masomo ni sita. Mwenye 4 katika kila somo anafika 24 kamili. Kwa hiyo ile 4 ya Hisabati ilikuwa inasema kwamba binti yuko kwenye mstari wa kufaulu, ana nafasi ya kupanda, na hakuna sababu ya kumfungia ndani.

Baba yule aliuliza pia swali ambalo kila mzazi huuliza: amekuwa wa ngapi? Ripoti haikusema, wala haitasema. Tumelelewa na nafasi darasani, na nimeziandika mwenyewe miaka yote ya kazi yangu, kwa hiyo naelewa kwa nini ripoti isiyo na nafasi humfanya mzazi ahisi amefichwa kitu. Katika mfumo huu kazi ya mtoto hupimwa kwa vigezo vilivyoandikwa, vinavyosema kazi ya daraja la 5 inakuwaje na ya 6 inakuwaje. Wenzake darasani hawaingii kwenye hesabu hiyo. Ni utaratibu mzuri, lakini mzazi atajuaje kama vigezo hivyo hajawahi kuviona?

Nchi nzima iliwahi kuonja mkanganyiko wa namna hii. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitoka kwa GPA, yaani wastani wa pointi, badala ya divisheni, wazazi wakabaki wanaulizana maana yake, na ulipofika mwaka 2016 divisheni zilikuwa zimerudi. Ikiwa mfumo wa taifa, unaojadiliwa redioni na magazetini, uliwachanganya watu kiasi kile, itakuwaje kwa shule moja inayotumia mfumo wa nje bila kumweleza mtu yeyote?

Sasa niseme kuhusu shughuli za nje ya darasa, kwa sababu hapo ndipo kutoelewa kunakoweza kumgharimu mtoto diploma nzima. Wanafunzi wa IB wanatakiwa, katika miaka yao miwili, kushiriki mambo ya ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Hayapewi alama, na ndiyo maana mzazi akiyaona kwenye ripoti anayaruka. Lakini asiyeyatimiza hapati diploma, hata awe na pointi zote za mitihani. Binti wa yule mfanyabiashara alikuwa akienda kila wiki kwenye shule ya msingi ya jirani kuwasaidia watoto wa darasa la pili kusoma. Nyumbani hilo liliitwa kuzurura. Baba, kwa nia njema kabisa ya kumwokoa mwanawe, alikuwa anamzuia kutimiza sharti la cheti anachokilipia.

Halafu kuna insha ndefu. Kila mwanafunzi wa diploma anaandika utafiti wake mwenyewe usiozidi maneno 4,000, juu ya swali alilolichagua, akisimamiwa na mwalimu. Binti huyu alichagua fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi mwaka 1954. Binti aliuliza: kwa nini miezi sita ikawa miaka 35? Alikwenda makumbusho ya Kalenga, akazungumza na wazee, akasoma jinsi Gavana Twining wa Tanganyika alivyolichagua fuvu hilo kule Bremen miongoni mwa mafuvu mengi yaliyochukuliwa Afrika, na akajikuta ana swali zito kuliko alilolianza nalo: kipimo kilichotumika kulitambua kilitosha? Aliniletea rasimu nikaisoma usiku mmoja. Kurasa zilikuwa zimejaa mistari ya kalamu, aya nzima imefutwa na kuandikwa upya pembeni, kwa sababu maelezo ya wazee na ya maandishi yalikuwa hayapatani, na yeye hakutaka kuchagua upande kabla hajaonyesha sababu. Katika miaka yangu yote sikuwahi kupata nafasi ya kumpa mwanafunzi wa umri ule kazi ya aina hiyo. Silabasi haikuruhusu, na darasa lilikuwa limejaa.

Kwenye ripoti ya muhula kazi hiyo yote ilikuwa kifupisho cha herufi mbili na neno moja lenye maana ya "inaendelea". Baba aliposikia kwamba binti anaandika habari za Mkwawa alisema anapoteza muda kwa hadithi za mababu wakati Hisabati inamshinda. Hakuna aliyemwambia kwamba insha hiyo, pamoja na somo la nadharia ya maarifa, inaweza kumwongezea mtoto hadi pointi 3, na kwamba akipata E, daraja la chini kabisa, katika mojawapo diploma imekwenda.

Lakini jambo linaloniuma kuliko yote ni uchaguzi wa masomo. Sisi tumezoea tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita: PCB, PCM, HGL. Mzazi anayetaka mwanawe awe daktari anajua ni PCB, basi. Diploma ya IB haiendi hivyo. Mtoto anachukua masomo sita kutoka makundi mbalimbali: lugha mbili, somo la jamii, sayansi, hisabati, na la sita ambalo ni sanaa au nyongeza kutoka kundi lingine. Matatu anayasoma kwa ngazi ya juu, saa 240 kila moja, na matatu kwa ngazi ya kawaida, saa 150. Ukipanga hivyo utaona kwamba kwa kawaida mtoto anaishia na sayansi mbili. Vyuo vyetu vinavyofundisha udaktari vinataka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Ruhusa ya kuchukua sayansi tatu ipo kwa anayeonyesha kwamba chuo anachokilenga kinazidai, lakini ni ruhusa maalumu na inaombwa mapema, kabla masomo hayajaanza. Mzazi anayegundua hilo mwaka wa pili amechelewa. Hata Hisabati yenyewe siku hizi ni kozi mbili tofauti, moja ikielemea uchambuzi na nyingine matumizi, na anayetaka uhandisi pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) au Dar es Salaam anapaswa kujua anachukua ipi na kwa nini.

Tena cheti cha nje hakiendi moja kwa moja kwenye dirisha la udahili la vyuo vyetu. Kinapitia kwanza Baraza la Mitihani kwa ulinganifu, yaani kulinganishwa na madaraja ya hapa nchini, hata kama mtoto alifanyia mtihani papa hapa Tanzania. Matokeo ya IB ya Mei hutoka mapema Julai. Familia inayosikia neno ulinganifu kwa mara ya kwanza mwezi huo inaanza kukimbizana na muda.

Kiswahili nacho kinadharauliwa bila sababu. Katika diploma hii, 7 ya Kiswahili na 7 ya Fizikia zina uzito sawa kwenye zile pointi 45. Na mwanafunzi anayesoma fasihi ya Kiswahili na ya Kiingereza kama lugha zake mbili za kwanza, akapata angalau 3 katika kila moja na kutimiza masharti mengine, anatunukiwa diploma ya lugha mbili. Watoto wetu wana mtaji huo tangu utotoni.

Sizilaumu shule kwa kufundisha vibaya. Nilichokiona katika madaftari ya watoto hawa kinanipa imani. Lawama yangu ni kwa namna wanavyozungumza na wazazi. Nilialikwa kwenye kikao kimoja cha kuchagua masomo: maelezo yote kwa Kiingereza, vifupisho juu ya vifupisho ukutani, kisha "kuna swali?" na ukumbi mzima kimya. Nje, kwenye maegesho, maswali yalimwagika kwa Kiswahili, na walimu walikuwa wameshaondoka. Nilipolitaja hilo kwa mkuu wa shule mmoja nilijibiwa kwamba maelezo yote yapo kwenye intaneti. Yapo, ni kweli, kwa lugha waliyoandikiana walimu.

Kwa hiyo naziomba shule hizi ziambatanishe na kila ripoti ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema daraja hili linamaanisha nini, linatokana na kazi gani, na kama ni alama ya sasa au ni makadirio ya mtihani wa mwisho, kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti na wazazi wanayachanganya kila siku. Shughuli za nje ya darasa ziandikwe kwamba ni sharti la cheti. Kikao cha kuchagua masomo kifanyike kwa Kiswahili, na awepo mtu wa kuonyesha, kozi kwa kozi, vyuo vya hapa nchini vinataka nini. Maofisa elimu wa mikoa yetu wanaweza kulisimamia hili bila gharama yoyote, na Baraza la Mitihani lingetusaidia sana likituma mtu mara moja kwa mwaka kueleza utaratibu wa ulinganifu huku Nyanda za Juu Kusini, badala ya kila familia kuutafuta kivyake.

Shule nyingi za aina hii zinafungua mwaka wa masomo Agosti, na watoto wanaoanza diploma wanajaza fomu za masomo kabla ya hapo. Ukurasa huo wa Kiswahili unaweza kuandikwa ndani ya wiki moja. Shule yoyote ya Iringa au Mbeya itakayohitaji mwalimu mstaafu wa kusaidia kuuandika, nipo tayari, bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Iringa