Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: leseni zisizikwe pamoja na wenye maduka

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu biashara za ukoo ambazo Wahindi, Washihiri, Wadigo na Wasambaa wa mji huu wamekuwa wakirithishana, na ambazo msiba mmoja tu hutosha kuzikwamisha.

Mzee akifariki, leseni na namba ya mlipakodi hubaki kwa jina lake. Akaunti ya benki haiguswi mpaka ukoo ukae kikao na mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Huku nyuma wauzaji wa jumla wanadai chao, na waliokopa, ambao madeni yao yamo kwenye daftari ambalo mwandiko wake aliuweza marehemu peke yake, wanakaa kimya.

Nalijua duka la haluwa ambalo binti wa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiagiza samli na iliki, akipokea fedha, na akiutazama mwiko tu anajua kama karai liepuliwe. Jina lake halikuandikwa popote. Katika mirathi alipata nusu ya fungu la kaka yake anayeishi Dar es Salaam; hilo ni hukumu ya dini na sina ugomvi nalo, lakini jasho lake halikuwa urithi, lilistahili kuandikiwa ubia baba angali hai. Kaka alitaka fedha taslimu, karai likauzwa.

Wasia nao haufiki mbali, kwani kwa Waislamu hauvuki thuluthi ya mali, na mrithi hausiwi bila ridhaa ya wenzake. Yanayosaidia ni ubia wa maandishi, hiba (zawadi itolewayo mwenye mali angali hai) iliyokabidhiwa, au kampuni yenye hisa iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni.

Leseni hulipiwa kila mwaka, kwa hiyo mzee, au anayemtuma, hufika mbele ya Afisa Biashara wako kila mwaka. Naomba aulizwe papo hapo nani ataiendesha biashara asipokuwepo, na awepo mtumishi wa kumweleza njia hizo kwa utulivu. Naomba pia Jiji litafute namna ya kutoa kibali cha muda, ili familia iendelee kuuza wakati mirathi iko mahakamani.

Wako pia wanaofanya biashara katika majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971, wakiwa wapangaji ndani ya nyumba walizojenga babu zao (hayo yamepita, sitayafukua). Mkataba wa pango nao una jina la mtu mmoja. Tafadhali zungumza na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo ndilo mwenye majengo hayo sasa, ili mrithi anayeendeleza duka lile lile asianze kuomba upya kama mgeni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga